Rangi za Maji ya Luano

Anayefika Lubumbashi kwa ndege kati ya Desemba na Machi huona jambo ambalo abiria wengi hulipita bila kulitafakari. Ndege ikianza kushuka kuelekea uwanja wa Luano, kaskazini-mashariki ya mji, msitu wa miombo unakatikakatika na mabonde ya nyasi yaliyojaa maji, yale yanayoitwa dambo, yanajitokeza. Hapo jua linaanza kuruka. Linawaka ndani ya dimbwi hili, linazimika, linawaka tena katika shimo lililoachwa na wafyatua matofali, linagonga bati la nyumba, linahamia kwenye mtaro wa barabara. Mwanga huo unakimbia sambamba na ndege mpaka magurudumu yanapogusa lami. Kwa muda huo mfupi mtu anang'amua kwamba maji ya hapa ni mengi kuliko ramani inavyosema, na kwamba sehemu kubwa yake imetuama pale ambapo binadamu amechimba, amejenga au ameziba.

Wasomaji wengi wanalijua jina la Luano kwa sababu nyingine. Hapa ndipo, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliposhushwa kutoka kwenye ndege iliyowaleta Katanga, na usiku ule ule wakauawa. Historia hiyo imechorwa mara nyingi. Maji ya hapa hayajabahatika hivyo. Nami naona ni ajabu, kwa kuwa Lubumbashi ni mji wa wachoraji, na maji yaliyotuama kati ya kichuguu na nguzo ya umeme ni mtihani mgumu wa brashi kuliko sura ya mtu yeyote.

Tuanze na waliotangulia. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, alifungua karakana ya uchoraji Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa enzi za Wabelgiji. Karakana ilijulikana kwa jina la Le Hangar. Hakuwapa vijana wake picha za Ulaya wazinakili. Aliwaacha kila mmoja atafute mkono wake. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza karatasi kwa michirizi mifupi iliyolala upande upande, mpaka mnyama na ardhi vikaonekana vimefumwa pamoja. Na Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, akawa mchoraji wa samaki, ndege, nyoka na mamba, yaani wa viumbe wanaoishi majini au wanaosubiri mawindo ukingoni.

Tazama jinsi Pilipili anavyoshughulikia maji. Hakuna upeo wa macho. Hakuna jua. Hakuna kivuli wala taswira iliyopinduliwa. Samaki wanaelea kwenye uwanja uliojaa alama ndogo ndogo, nukta na mikato, zinazorudiwa kwa subira kubwa, na kutokana na kurudiwa huko uwanja wote unametameta. Mwanga kwake hauanguki juu ya maji kutoka mahali fulani. Umeenea ndani ya maji yenyewe. Aliyezoea picha za Kizungu anaweza kudhani huo ni urembo tu wa kujaza nafasi. Mimi nadhani Pilipili aliona kitu cha kweli: kwamba mng'aro wa maji ni vipande vingi vidogo, kila kimoja kikiwa na umbo lake, na kwamba jicho ndilo linaloviunganisha.

Hangar haikudumu. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954 na karakana ikamezwa na chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mjini humo mwaka 1951. Lakini mwaka 2015, jumba la Fondation Cartier la Paris lilipofanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo kuanzia mwaka 1926, kazi za Hangar zilitundikwa humo, na Pilipili na wenzake wakapata watazamaji ambao hawakuwahi kusikia habari za Katanga isipokuwa za shaba na vita.

Kizazi kilichofuata kilikuwa cha mtaani. Miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi walichora juu ya magunia ya unga yaliyotandazwa kwenye fremu za mbao, wakatembeza kazi zao nyumba kwa nyumba, na wafanyakazi wa migodi na wa reli wakazinunua watundike sebuleni. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza picha hizo wakati huo, waliona kwamba wanunuzi walizitaka ziwe ukumbusho. Kulikuwa na picha ya Koloni ya Ubelgiji, askari akimchapa mfungwa viboko. Kulikuwa na picha ya kiwanda cha shaba, pamoja na dohani lake refu na kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha madini ambacho wakazi wanakiita terril. Na kulikuwa na picha mbili za maji. Ya kwanza ni mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, ameketi ukingoni na nywele zake ndefu. Anayepatana naye hupata utajiri na hulipa kwa uchungu. Ya pili ni mandhari ya kijiji: mto, mtumbwi, vibanda, mtende, jua jekundu linatua na mkuki wake wa mwanga umelala juu ya maji hadi chini ya picha.

Sina ugomvi na mandhari hiyo. Mtu aliyeacha kijiji akaja kukaa kwenye nyumba ya kampuni ana haki ya kuwa na mto wake ukutani. Lakini angalia mgawanyo uliojitokeza. Maji yalibaki kijijini na kiwanda kikabaki mjini, kila kimoja katika fremu yake. Wakati huo huo nje ya dirisha mambo hayakuwa hivyo hata kidogo. Kiwanda cha kampuni ya madini ya Union Minière kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na kilijengwa kando ya mto Lubumbashi. Terril ikakua hapo hapo. Dohani lenye zaidi ya mita 150 likasimama hapo hapo. Ziwa la Tshombe, wanakokwenda watu kupunga upepo, lilitokana na kuzuia mto ule ule. Mto na kiwanda vimekuwa majirani tangu siku ya kwanza, na wachoraji wakawatenganisha.

Ulaya nako mambo yalianza kwa maji machafu ya bandari. Mwaka 1872 Claude Monet alisimama kwenye dirisha linalotazama bandari ya Le Havre, Ufaransa, akachora mapambazuko: ukungu, mashua mbili tatu, jua la rangi ya chungwa, na nyuma yake madohani na winchi za bandari. Picha ilipoonyeshwa mwaka 1874, jina aliloipa ndilo lililozaa jina la kundi zima la wachoraji wa wakati ule. Watu hukumbuka jua na mng'ao wake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ukungu ule umechanganyika na moshi, na kwamba maji yale ni ya bandari inayofanya kazi. Kama mtu anataka kusema kwamba mtaro wa Luano si mahali pa sanaa, na amwulize Monet.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo pana utamu.

Maji hayaakisi mwanga kwa kiasi kilekile kila mahali. Ukisimama ukatazama chini, karibu na miguu yako, uso wa maji unarudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga unaoangukia hapo. Kilichobaki kinaingia ndani. Ndiyo maana hapo unaona tope, majani yaliyooza, mfuko wa plastiki. Kadiri jicho linavyokwenda mbali na kutazama maji kwa mlalo, ndivyo uakisi unavyoongezeka, hadi kule mwisho wa dimbwi ambako karibu mwanga wote unarudishwa na maji yanakuwa mbingu tupu. Dimbwi moja, basi, lina rangi mbili zinazohamiana polepole: udongo huku karibu, anga kule mbali. Mchoraji anayepaka dimbwi lote buluu ameshalikosea kabla hajafika katikati.

Kwa Luano kosa hilo ni kubwa zaidi, maana maji ya hapa ni mazito. Mvua za kwanza, Novemba, zinachukua udongo mwekundu wenye chuma nyingi na kuumwaga kila penye shimo. Na maji ya tope yana tabia ambayo maji safi hayana: yanapokea kivuli. Juu ya maji maangavu na yenye kina, kivuli cha mti hakionekani vizuri, kwa kuwa hakuna kitu pale juu cha kukishika. Juu ya maji mekundu kivuli kinalala wazi kama juu ya sakafu. Kwa hiyo mti mmoja ulioko ukingoni mwa dambo unatoa picha mbili majini kwa wakati mmoja. Kivuli chake kinakwenda upande ulio mkabala na jua. Taswira yake inakuja moja kwa moja kwako, popote utakaposimama. Ukisogea hatua kumi, taswira inasogea nawe; kivuli hakibanduki. Sijui darasa lingine la uchoraji lililo bora kuliko hilo, na halina ada.

Lipo na jambo la pili, ambalo wanaoanza hawaliamini mpaka walione. Taswira iliyo majini si nakala ya kilicho juu ikiwa imepinduliwa. Ni mandhari ile ile kama ingeonekana na jicho lililoko chini ya uso wa maji, kwa kina kilekile ambacho jicho lako liko juu yake. Jicho la chini namna hiyo huona matumbo ya vitu: upande wa chini wa daraja, kenchi za paa, kitako cha tangi. Na kwa jicho hilo, vitu vya karibu hupanda na kufunika vya mbali. Chukua kichaka kilichoota ukingoni na dohani lililo mbali nyuma yake. Ukitazama juu, dohani limekipita kichaka mara nyingi. Ukitazama majini, kichaka kimepanda na dohani limepungua, na ukichuchumaa mahali panapofaa linaweza kutoweka kabisa. Mji na pori vinashindana juu ya ardhi, na majini pori ndilo linaloongoza. Anayechora kwa kupindua tu mchoro wake wa juu anaunyima ukingo ushindi huo.

Upepo nao una hukumu yake. Mawimbi madogo huvuta kila taswira kwenda chini, kuelekea kwa mtazamaji. Vilivyosimama wima, kama nguzo, mlingoti wa taa za uwanja au shina la mti, vinarefuka na kubaki. Vilivyolala, kama waya wa umeme au ukingo wa paa la bati, vinavunjika na kuyeyuka. Upepo ukivuma kidogo juu ya maji ya Luano, waya zinatoweka na nguzo zinabaki. Wenye kujali ukweli wa mahali wasirudishe waya hizo kwa rula.

Na saa? Luano iko kwenye latitudo ya nyuzi 11 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari. Siku hizo, adhuhuri, maji yanakufa: mwanga unaingia wima, hakuna njia ya mng'aro, na rangi zote zinachoka. Asubuhi mapema na jioni ndiyo nyakati za kazi, lakini machweo ya huku ni mafupi. Monet huko kaskazini alikuwa na jioni ndefu za kiangazi. Mchoraji wa Luano ana kama dakika ishirini tangu jua kuzama hadi giza. Hapo ndipo mikato mifupi ya Mwenze na nukta za Pilipili zinapoonyesha faida yake. Ni mbinu za haraka katika kila alama, hata kama picha nzima ni ya subira. Kiangazi, kuanzia Agosti, moshi wa nyasi zinazoungua na wa tanuru za makaa unapunguza makali ya jua, likawa duara unaloweza kulitazama, na maji machache yaliyobaki yanageuka rangi ya shaba iliyosuguliwa. Ni majira mabaya kwa mapafu, lakini kwa brashi ni mazuri.

Shaba yenyewe inarudi kwa mlango mwingine. Malakiti, jiwe la kijani lililowaonyesha wachimbaji wa kale wa Katanga mahali pa kuchimba, ni miongoni mwa rangi za kwanza ambazo binadamu alizisaga akapaka. Wamisri wa zamani waliitumia. Buluu ya kobalti, ambayo wachoraji duniani huitegemea kwa anga na maji, ilitengenezwa na mkemia Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1802. Leo zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, nyingi katika ukanda huu wa Katanga, ingawa sehemu kubwa yake inaishia kwenye betri. Mgodi wa Ruashi hauko mbali na uwanja wa Luano. Kijana wa Lubumbashi anayetaka tyubu ya buluu hiyo hununua iliyotoka ng'ambo, kwa bei ya ng'ambo, au anarudi kwenye rangi ya nyumba. Wengi wanarudi kwenye rangi ya nyumba. Nayo, niseme kwa haki, ina sifa yake: ile ya mafuta inang'aa yenyewe, na mchoraji mjanja hupaka maji kwa rangi ya kung'aa na ardhi kwa rangi iliyofifia, taa ya sebuleni ikafanya kazi iliyobaki. Mafundi wa Tingatinga wa Dar es Salaam, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968, wamekuwa wakiishi kwa mng'ao huo huo.

Pana swali zito hapa, nami sitaki kulikwepa. Baadhi ya maji mazuri zaidi kuchora karibu na migodi ni maji mabaya kabisa kunywa. Shaba iliyoyeyuka hugeuza dimbwi kuwa la kijani-buluu ambayo hakuna ziwa safi linaloifikia. Novemba 2025 maji kutoka kwenye bwawa la kampuni moja ya madini yalimwagika mitaani mwa Lubumbashi, na serikali ikasimamisha shughuli za kampuni hiyo. Je, mchoraji anayepamba maji ya namna hiyo hawi msafishaji wa jina la aliyeyachafua?

Inategemea anachokificha. Picha ya maji ya kijani isiyoonyesha bomba yanakotoka ni uongo, hata kama kila rangi ni sahihi. Ikionyesha bomba, ukuta wa bwawa, na mahindi ya mtu yaliyo mita chache kutoka hapo, basi uzuri wake unafanya kazi: unamshika mtazamaji muda wa kutosha aanze kuuliza. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, amefanya jambo linalofanana na hilo kwa kamera. Katika mfululizo wake wa mwaka 2006 uitwao Mémoire aliwarudisha wafanyakazi wa zamani, kutoka picha za kumbukumbu, na kuwasimamisha ndani ya magofu ya viwanda yalivyo sasa. Magofu hayo ni mazuri kutazama, na hakuna anayeyatazama akabaki ametulia. Rangi inaweza kufanya hivyo kwa maji, pengine vizuri zaidi, kwa sababu kamera hunasa mng'aro wa sekunde moja, na mchoraji hulazimika kukaa pale, kunusa, na kuamua ni mng'aro upi una maana.

Wa kuigwa kuliko wote katika hili ni Tshibumba Kanda-Matulu. Alizaliwa Élisabethville mwaka 1947, na miaka ya 1973 na 1974 alichora kwa ajili ya Fabian historia nzima ya nchi yake katika picha 101, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mazungumzo hayo yalitoka kitabuni mwaka 1996. Alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tshibumba alikuwa na desturi ya kuandika juu ya picha zake: majina, tarehe, mahali. Waungwana wa majumba ya sanaa huona maandishi hayo ni ya kienyeji. Bila hayo, nusu ya kazi yake leo ingekuwa askari wasiojulikana mbele ya majengo yasiyojulikana.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa sanaa wa Lubumbashi na kwa vijana wenye brashi kule Ruashi, Katuba, Kenya na Kampemba. Mandhari ya mtumbwi na mtende iacheni ipumzike msimu mmoja. Masika haya nendeni kwenye dambo la Luano, kwenye mashimo ya matofali, kwenye mitaro ya barabara ya uwanja, mchore maji kama yalivyo, pamoja na kila kilichojengwa juu yake na kila kinachomwagwa ndani yake. Msipande juu ya kuta za mabwawa ya migodi, na msioshe brashi wala mikono kwa maji msiyoyajua. Kisha nyuma ya kila picha andikeni kwa wino usiofutika: mahali, tarehe, saa, na maji hayo yametoka wapi. Na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi itenge ukuta mmoja kwa ajili ya picha hizo, mwaka baada ya mwaka, ili anayetaka kujua maji ya mji huu yalikuwa na rangi gani apate mahali pa kwenda kutazama.